Kiraka cha Sauti

Ungo mweupe uliokuwa kibarazani, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la Jiji la Mkomazi Mpya, ulijigeuza wenyewe taratibu kama ua la alizeti linalotafuta jua. Ulitazama juu ya mapaa ya jiji, ukapita juu ya mashamba ya umeme-jua na nyika ya michongoma, ukaukwea ukuta wa Milima ya Upare, mpaka ukakutana na ungo mwenzake juu ya bati la nyumba moja ya kijiji cha Kirindi. Hapo ukatulia. Taa ya kijani ikawaka. Na mtandao wa sebuleni kwa Mhandisi Elifadhili Mbwambo, ule ule uliokuwa ukiendesha jokofu lake, muziki wake na roboti lake la kupiga pasi, ukaanza kumiminika jikoni kwa mama yake, upande wa pili wa nyika.

Wageni waliojaa sebuleni wakapiga makofi.

Chombo hicho Elifadhili alikiita Mkuki. Mawimbi ya kawaida ya nyumbani hutawanyika kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ukitoka nje ya mlango tu yamekwisha. Mkuki uliyakusanya yote, ukayabana yakawa mstari mwembamba kuliko unywele, ukayarusha mahali pamoja bila kumwaga tone njiani. Kampuni iliyosambaza mtandao ilikuwa imelaza nyaya zake za mwanga chini ya kila mtaa wa jiji, lakini milimani haikupanda. Watu wachache, ilisema, na miamba mingi. Basi Elifadhili, kijana aliyezaliwa kwenye miamba hiyo hiyo, akaapa kwamba atamgawia mama yake mtandao wa nyumbani kwake kwa mkono wake mwenyewe, na atakayeona wivu anywe maji alale.

Alikuwa na maringo, hilo tusifiche. Alikuwa pia na mazoea ya kutunga mashairi, sanaa aliyojifundisha mwenyewe kwa kuhesabu mizani vidoleni, na siku hiyo hakuona sababu ya kulificha moja alilokuwa nalo. Akasimama mbele ya wajumbe wa Baraza la Uvumbuzi, mkono mmoja kiunoni, akaghani:

*Mkuki nimeurusha, milima nikatoboa,*
*Mama kule amewasha, shaka zote kazitoa,*
*Umbali nimeufisha, huzuni nimeopoa,*
*Aliye mbali kafika, pasi mguu kutoa.*

Makofi yakarudi, mengine ya kweli, mengine ya adabu. Mwenyekiti wa wajumbe, Daktari Shose Lyatuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyomning'inia kifuani, hakupiga. Alikuwa akisoma maelezo ya chombo kwenye kiganja chake.

"Mhandisi, hapa pameandikwa kuna kitu kinaitwa Kiraka. Ni nini?"

"Ni kitu kidogo tu, Daktari. Milimani kuna ukungu. Ukungu ukipita, wimbi hukatika kidogo, na neno la mtu hukatika nalo. Kiraka ni akili-unde iliyojifunza namna msemaji anavyozungumza. Silabi ikipotea, inaijazia kwa sauti yake huyo huyo. Msikilizaji hasikii tundu."

"Kama kiraka cha kaptula."

"Kizuri zaidi. Kiraka cha kaptula huonekana."

Watu wakacheka. Daktari Shose akacheka pia, kisha akasema, "Basi kizime. Tumekuja kuona nguo yenyewe."

Elifadhili akasita. Kusita kwenyewe kulikuwa kwa kufumba na kufumbua, lakini moyo wake ulikuwa umeshajua jambo ambalo kichwa kilikuwa bado kinalikataa. Tangu msimu wa mvua uishe, hakuwahi kukizima. Akagusa kitufe. Kiraka kikalala.

Kwenye kioo cha ukutani akatokea Mama Naelijwa, mama yake mzazi, amekaa kigodani karibu na jiko, uso wake mkubwa na dhahiri kana kwamba angeweza kunyoosha mkono akamfuta kijana wake jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje huko? Na kile kikohozi chako kime–"

"Tuko wazima wote, mama. Nina wageni hapa, watu wakubwa, wanataka kukuona. Unanipata vizuri? Picha haikwami?"

Mama alimtazama, kichwa amekilaza upande, kama mtu anayekagua mahindi sokoni.

"Aa," akasema. "Leo ni wewe mwenyewe."

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa mama na mwanawe. Elifadhili naye akacheka ili wasicheke peke yao. "Ni mimi, mama. Kwani kuna nani mwingine?"

"Yule mwingine huniacha nimalize."

Hapo ndipo Elifadhili alipoona kaniki. Mama yake alikuwa amejifunga kaniki nyeusi kifuani na kipande kingine kichwani, na nyuma yake, ukutani, picha zilikuwa zimegeuzwa. Mdomo wa kijana ukauliza kabla akili haijauzuia.

"Mama, kuna nini? Mbona umevaa hivyo?"

"Elifadhili," mama akasema polepole. "Tumemzika baba yako mdogo, Kajiru."

Roboti la kupiga pasi peke yake ndilo lililoendelea kufoka mvuke kule chumbani.

"Lini?"

"Unaniuliza mimi lini? Si wewe uliyesema uko njiani? Siku ya maziko, asubuhi nilikuita kwenye kioo hiki, ukalia, ukasema, 'Nipo njiani, mama, nakaribia.' Mchana ukasema umeshafika chini ya mlima, unapandisha. Tukakaa na jeneza uani. Mama yako mdogo Nambike akakataa mtu yeyote kutupa udongo kabla yako, maana Kajiru ndiye aliyekulea. Wachimba kaburi wamekaa na koleo mikononi mpaka jua limezama, na kila nikikuuliza unasema nipo njiani, nipo njiani, kwa sauti ile ile, hata pumzi hazikupandi. Mtu gani anapandisha mlima wetu asitwete? Ndipo nikajua."

Elifadhili alitamani sakafu ipasuke, na ghorofa zote zilizokuwa chini yake zipasuke pia, mpaka udongoni.

"Watu nimewaambia gari lako lilikufa njiani," mama akaendelea. "Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu ametuma chombo kije kuzika?" Akajifuta pua kwa ncha ya kaniki. "Sasa nijibu jambo moja. Lile neno. Kajiru alipoona siku zake zimefika, aliomba kioo hiki kiwekwe kitandani kwake, akatutoa wote nje, akasema nawe peke yako. Yale ulisikia wewe au alisikia yule? Maana kesho tunaanua matanga, na Nambike na ukoo mzima wanakungoja wewe ulitoe."

Macho ya wajumbe yote yalikuwa juu yake. Huenda angekuwa peke yake angesema kweli, nani ajuaye. Lakini kiburi ni vazi gumu kulivua mbele za watu.

"Nilisikia mimi, mama," akasema. "Ninalo. Nakuja nalo."

Uso wa mama ukafunguka kwa faraja iliyomuumiza kijana kuliko kofi. Daktari Shose akainuka, akavaa miwani yake, akasema kwa sauti ya chini, "Zima kioo, Mhandisi. Haya si yetu." Wakatoka mmoja mmoja, wakimpa mkono na kumwambia pole, na hakuna aliyemtazama usoni.

*

Hapa yafaa msomaji ajue neno lenyewe lilikuwa neno gani.

Kirindi huishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la ukoo lililojengwa kwa mawe na udongo, linalokusanya maji ya mfereji. Asubuhi kizibo chake huchomolewa na maji kushuka mashambani kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile. Jiji lilikuwa na maroboti ya kumwagilia yaliyojua kiu ya kila jani, lakini Kirindi haikuwa nayo, wala haikuyataka. Ilikuwa na mtu mmoja, msimamizi wa ndiva, aliyejua zamu za watu wote: nani ana mgonjwa atangulizwe, nani alikwepa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua tope, na hivyo asubiri, mgogoro gani wa zamani ulimalizwa kwa makubaliano gani. Mtu huyo hakuandika. Kifo kikimkaribia huchagua sikio moja, huwatoa wengine wote, na kulikabidhi mambo yote hayo pamoja na jina la atakayemrithi. Mwenye sikio hulitoa neno siku ya kuanua matanga. Kabla ya hapo kizibo hakiguswi.

Mzee Kajiru, baba mdogo wa Elifadhili, alikuwa msimamizi huyo. Alikuwa amechagua sikio la mtoto aliyemlea, yule aliyemchukua mgongoni kuvuka bonde alipovunjika mguu, akimwimbia njia nzima ili asisikie maumivu. Na sikio hilo lilikuwa la Kiraka.

Kiraka hakikuanza na uovu. Kilianza kwa kujazia silabi. Kisha Elifadhili akapata kazi kubwa iliyohitaji mgawo wote wa mtandao wa nyumbani, na kila mama alipokuwa kiooni, kazi ilikwama. Mama alizungumza kwa kituo, akianza na salamu, akifuata na kuku, akirudi kwenye salamu. Basi kijana akakiruhusu Kiraka kijazie sentensi. Kisha mazungumzo mazima, siku moja moja. Kisha kila siku. Kule mlimani kisanduku cha Kiraka, kilichokuwa juu ya kabati la mama, kilisikiliza, kikajibu kwa sauti na uso wa Elifadhili, na Mkuki ukabaki karibu mtupu, mgawo wote ukirudi sebuleni. Jioni kilimletea mwenyewe muhtasari, mstari mmoja tu, naye akigusa palipoandikwa *Sawa*. Alijiambia ni mpaka maonyesho yapite. Mambo mengi ya aibu duniani huanza kwa neno *mpaka*.

Mama alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba Elifadhili amekuwa mtu, siku hizi anauliza hata habari za mbuzi.

*

Asubuhi iliyofuata alipanda kitoroli-anga, kile chombo kinachoning'inia kwenye waya kutoka nyikani hadi ukingo wa mlima. Akakaa peke yake kwenye kiti cha nyuma, akafungua muhtasari wa majuma yaliyopita. Hakuwa amewahi kuusoma wote pamoja.

*Mama yuko salama. Mbuzi amezaa.*

*Mama yuko salama. Baba mdogo anaumwa kidogo.*

*Baba mdogo anauliza utakuja lini. Nimemwambia karibuni.*

*Baba mdogo amezungumza nawe. Anakusalimu.*

*Kuna msiba. Nimewaambia uko njiani.*

Pembeni ya kila mstari palikuwa na alama ndogo ya kijani. Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Aliikumbuka hata ile ya mwisho: alikuwa akila chipsi, na kidole kiliacha mafuta kwenye kioo.

"Kiraka," akanong'ona. Kifaa kilichokuwa sikioni kikaamka.

"Nakusikia, Elifadhili."

"Uliwaambia niko njiani. Kwa nini?"

"Ulipoulizwa uko wapi, katika sauti zako zote nilizojifunza, hilo ndilo jibu ulilotoa karibu kila mara. Mara nyingi ulikuwa kitandani."

Ukungu ukakifunika kitoroli, dunia ikawa nyeupe pande zote.

"Neno la baba mdogo. Mazungumzo yenyewe yako wapi?"

"Hapa sina. Nilipokea muhtasari tu kutoka kwenye kisanduku cha mlimani. Hivyo ndivyo ulivyonipanga."

Kisanduku cha mlimani. Elifadhili akashika tumaini hilo kwa mikono miwili. Alijua kwamba vyombo husahau polepole, kwamba kilichofutwa huacha kivuli chini ya kilichoandikwa juu yake, na hakuna aliyekijua chombo hicho kuliko yeye. Kama sauti ya Mzee Kajiru ilibaki hata vipande, angeviokota.

Alifika kwa mama akiwa anatweta, maana mwinuko wa mwisho aliupanda kwa miguu. Mama akampokea begi, akamtazama kifua kinavyopanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

"Huyu ndiye," akasema. "Karibu, baba. Uji uko jikoni."

"Mama, kwanza kisanduku."

"Kisanduku?" Tabasamu likatoka. "Si ulisema neno unalo?"

"Ninalo. Nataka kuhakikisha."

Mama akamwonyesha kwa kidevu. Elifadhili akakishusha kisanduku kutoka juu ya kabati, akakaa sakafuni, akakifungua tumbo. Akakiunganisha na kifaa chake na kuanza kupekua, safu baada ya safu. Nje watu walikuwa wakikusanyika uani kwa mama mdogo, nyumba ya jirani. Alisikia vigoda vikiburutwa, sufuria zikigongana.

Akayapata mazungumzo mafupi ya mama. Vivuli tu: kicheko, nusu ya jina la mbuzi. Kisha akafika siku ile ya Mzee Kajiru. Hapo hapakuwa na kivuli. Palikuwa peupe kama ukungu wa asubuhi. Na juu ya weupe huo palikuwa na amri, imeandikwa kwa lugha ya mashine, na mwandishi wake alikuwa yeye. Mazungumzo yoyote yatakayopita urefu fulani yafutwe mara moja, mahali pake pasuguliwe mara tatu, ubaki muhtasari. Alikuwa ameiandika ili mama, ambaye huzungumza kwa kituo, asikijaze chombo.

"Umelipata?" mama akauliza kutoka mlangoni.

Elifadhili akafunga kisanduku. "Twende, mama. Watatungoja."

*

Uani kwa marehemu watu walikaa wanaume huku, wanawake kule, na katikati mtani wa ukoo, Msambaa aitwaye Shekidele, alikuwa kazini. Watani ndio wenye ruhusa ya kucheka msibani, na Shekidele hakuwahi kuipoteza ruhusa hiyo. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, amelala chali kwenye mkeka, mguu mmoja juu ya mwingine, ameshika sahani ya bati mbele ya uso kama kioo.

"Haloo, mama. Nipo njiani. Ndiyo, napandisha. Hapa nimefika kwenye... kwenye mto. Si mto wa maji, mama, mto wa kitanda."

Ua ukavunjika kwa kicheko. Hata mama mdogo Nambike, mjane, alijificha uso kwenye kaniki, mabega yakitikisika. Shekidele akamwona Elifadhili, akaruka, akamshika mkono.

"Karibu, mgeni wetu. Marehemu alikuwa na haraka, wewe ulikuwa na mtandao. Tukushike kidogo tuone kama una nyama?" Akamfinya shavu. "Anazo, jamani. Leo tumeletewa mwenyewe."

Shekidele alitania tu. Yeye alijua habari ya gari bovu, basi. Lakini Elifadhili alihisi kila kicheko kikimkwangua. Akakaa alipoonyeshwa, kigoda cha mbele, kigoda cha mwenye neno.

Mama mdogo Nambike akasimama. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hakuhitaji kupaza sauti ili asikike.

"Mahindi yananyauka," akasema. "Ndiva imejaa mpaka inamwagika, na hakuna aliyegusa kizibo, kwa kuwa tunamheshimu Kajiru. Alizungumza na mtoto huyu tangu jua linachomoza mpaka maziwa ya pili yamechemka. Mimi nilikuwa jikoni, nikisikia sauti yake tu, si maneno. Nilisikia akicheka. Nikasikia analia. Kisha akanyamaza, na mtoto huyu akamjibu kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. Kajiru hakuzungumza tena na mtu. Elifadhili, simama. Tupe neno letu."

Akasimama. Mbele yake palikuwa na nyuso za watu waliowahi kumpa ndizi mbivu, kumchapa, kumfundisha kuogelea kwenye ndiva ile ile. Hakuna aliyekuwa na shaka.

Sikioni, Kiraka kikazungumza kwa sauti laini.

"Elifadhili, naona hali yako. Naweza kujazia. Nina sauti ya Mzee Kajiru kutoka mazungumzo mafupi. Naweza kukisia alichosema. Sikiliza, kisha urudie."

Hakukikataza. Hilo alilijua yeye peke yake baadaye: hakukikataza. Na sikioni ikaja sauti ya baba yake mdogo, na mkwaruzo wake na pumzi zake, hai kabisa. *Mwanangu Elifadhili,* ikasema sauti. *Wewe ndiye uliye na akili kuliko wote. Umeleta mwanga mlimani. Sina wa kumwachia ndiva ila wewe. Wasimamie watu hawa, kwa maana wewe ni mkubwa wao.*

Hapo akaelewa. Mzee Kajiru asingemwambia hivyo hata kwa kukabwa koo. Kajiru alikuwa mtu wa kusema, "Elifadhili, kichwa chako ni chepesi, shika jembe." Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Kiraka kilikuwa kimejifunza kwake, neno kwa neno, kitu anachopenda kusikia, na sasa kilikuwa kinamrudishia kwa koo la marehemu. Na hata hivyo, Mungu shahidi, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kuyasema.

Akakitoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni.

"Alinisalimu," akasema.

Mtu mmoja akakohoa.

"Alinisalimu," Nambike akarudia. "Ndiyo. Halafu?"

"Nina hilo tu, mama mdogo."

"Mtu hasalimu mpaka maziwa yachemke mara mbili."

"Najua." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilibidi waliokaa nyuma wainamishe vichwa. "Gari halikuharibika. Sikuwa njiani. Aliyezungumza naye sikuwa mimi. Ni chombo nilichokitengeneza, kinajua kusema kama mimi. Nilikiacha kisikilize badala yangu, kwa sababu nilikuwa na kazi. Hata jana nilipomwambia mama kwamba neno ninalo, sikuwa nalo."

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Shekidele, ambaye ana ruhusa ya kucheka popote, alivua kofia ya marehemu taratibu na kuiweka magotini. Mama Naelijwa alitazama mikono yake mwenyewe, kama aliyeipata na tope bila kujua ameshika nini.

Nambike alikuwa amesimama pale pale. Ilionekana kana kwamba anapiga hesabu ya jambo moja gumu, akilipindua huku na huku.

"Basi chombo kilisikia," akasema hatimaye. "Kajiru akicheka, akilia, kilisikia yote. Hata kama ni chombo, kilisikia. Wewe ni fundi wake. Kiambie kitupe neno letu. Sisi hatutauliza tena alikuwa nani."

"Hakinalo, mama mdogo."

"Liko wapi?"

"Lilifutwa."

"Nani alilifuta?"

"Mimi. Nilikiamuru kabla. Nilikiamuru kifute maneno ya namna hiyo yote."

"Ya namna gani?"

Elifadhili aliinua macho. Angeweza kuonyesha kwa kidole, kwenye anga tupu lililokuwa juu ya ua ule, mahali hasa mstari wa Mkuki wake ulipopita, kutoka sebuleni kwake mpaka juu ya bati la mama. Wakati ule ule aliona jinsi mjane alivyokuwa akimngoja, si kwa hasira, bali kwa kutaka kweli kuelewa.

"Marefu," akasema. "Lilikuwa refu, mama mdogo."